Bomba la Pawa Lililoliwa na Kutu: Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Malori ya Zamani

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva mliokubali kuegesha magari asubuhi hii, na nyinyi vijana mnaoanza kazi: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimekuja na kipande cha bomba la pawa, yaani bomba la oili ya presha inayomsaidia dereva kugeuza usukani, na ningependa kipite mkononi mwa kila mtu wakati ninazungumza. Urefu wake ni kama shibiri moja. Kimetoka kwenye Fuso la zamani ambalo kwa miaka mingi limekuwa likibeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya pwani hii yetu ya Tanga kwenda bara. Ukikitazama juu juu utakiona kizima, kwa sababu sehemu yake kubwa bado ina rangi nyeusi ya kiwandani. Kigeuze, utazame pale palipokuwa na klipu iliyokishikilia kwenye chasisi. Hapo, kwa upana wa vidole viwili, chuma kimevimba na kuchanua kama gome la mwembe mkongwe, na katikati ya magome hayo pana tundu ambalo sindano ya kushonea haipiti. Tundu hilo ndilo lililomwaga oili yote ya stelingi kabla gari halijafika Segera, na dereva akageuza usukani wa lori lenye mzigo kwa nguvu za mabega yake mwenyewe.

Tajiri wa gari hilo alinipigia simu akaniambia, "Fundi, ni tundu dogo tu, lichomelee gari liendelee na safari." Yote nitakayosema leo yanatokana na ombi hilo, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi sana katika maisha yangu ya gereji, na kwa kuwa kuna wakati nililikubali nilipopaswa kulikataa. Ninaloshikilia ni kwamba tundu kwenye bomba la presha ni taarifa ya hali ya bomba zima. Anayeziba tundu hilo anainyamazisha taarifa, na bomba linaendelea kuoza.

Kwanza tukubaliane bomba hili linafanya kazi gani. Pampu ya stelingi hufungwa kwenye injini, na boksi la stelingi, lile linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, hufungwa kwenye chasisi. Injini imekaa juu ya raba zake, kwa hiyo hutikisika na kuyumba kila unapokanyaga mafuta, ilhali chasisi imetulia mahali pake. Ndiyo maana njia ya presha kutoka pampu hadi boksi kwa kawaida huwa na sehemu mbili zilizounganishwa: mabomba ya chuma pande za mwisho, na katikati mpira mgumu wenye nyuzi au waya ndani yake, ambao hupokea mtikisiko wa injini na pia mapigo ya pampu. Njia ya pili ni ile ya kurudishia oili kwenye tangi. Hiyo haina presha kubwa, ndiyo maana mpira wake hufungwa kwa klampu za kawaida za kukaza kwa bisibisi. Fundi asiyezitofautisha njia hizi mbili asiguse stelingi ya mtu.

Kwenye njia ya presha, dereva anapozungusha usukani gari likiwa limesimama, presha hupanda hadi kilo 100 kwa sentimita moja ya mraba, na kwenye malori mengi hufika 150 au kuvuka hapo. Tairi la lori tunalijaza kilo 7 au 8, na likipasuka karibu na mtu tunajua linavyomfanya. Sasa chukua mifuko miwili ya simenti, ile ya kilo 50, ibebeshe juu ya ukucha wa kidole chako kimoja. Huo ndio mzigo ambao kila eneo la ukubwa wa ukucha ndani ya bomba hili hulazimika kuubeba kila lori linapokata kona ya kuingia sokoni.

Msaada huu wa oili kwenye usukani ulibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Francis W. Davis, mhandisi Mmarekani aliyekuwa akishughulika na malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliona jinsi madereva wa magari mazito walivyoteseka na usukani, na mwaka 1926 akaonyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na presha ya oili. Wenye magari madogo walisubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipoanza kuwauzia gari la abiria lenye mfumo huo.

Kutu ya mabomba haya huku kwetu ina vyanzo ambavyo ni vizuri kuvijua, maana vinatuambia pa kutazama. Kipo cha bahari: upepo wa pwani hubeba chumvi, na lori linalolala karibu na maji hupakwa chumvi kila usiku bila mwenyewe kujua. Kipo cha mzigo wenyewe, yaani chumvi, samaki wenye barafu, na mbolea, ambavyo hudondosha maji makali juu ya chasisi safari nzima. Halafu kipo kile ambacho wengi hawakifikirii. Malori mengi tunayoyapokea bandarini yalitumika Japani kabla ya kuja kwetu, na katika mikoa ya theluji ya nchi hiyo, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Lori lililoishi huko linaweza kushuka melini likiwa na kabini inayong'aa na chini limeshaanza kuliwa. Nimekutana na gari lililokuwa na miezi kadhaa tu hapa nchini, na bomba lake la pawa nikalivunja kwa vidole.

Lakini chumvi peke yake haimalizi bomba. Kinachomaliza bomba ni chumvi iliyokaa pamoja na unyevu mahali pasipopata upepo, na mahali hapo ni chini ya klipu, hasa klipu zenye raba ndani, ambazo kiwanda kiliziweka ili bomba lisisuguane na chuma. Raba hunyonya maji ya chumvi na kuyashika siku nzima, hata jua linapokuwa limekausha sehemu nyingine zote za gari. Pia kuna pale bomba linapoingia kwenye shingo ya mpira, ambapo kutu hujificha chini ya kifuniko cha chuma kilichobanwa, na pale tope la gurudumu la mbele linaporuka na kuganda. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya bomba, usitazame katikati yake palipo wazi. Fungua klipu.

Turudi kwenye ombi la kuchomelea. Bomba la chuma la kazi hii huwa na unene wa ukuta wa milimita moja hivi. Kutu ikila nusu ya unene huo, kila kipande cha chuma kilichobaki hubeba mzigo mara mbili ya ule uliokusudiwa. Ikila robo tatu, mzigo unakuwa mara nne. Tundu linatokea pale ukuta ulipokwisha kabisa, lakini pembeni ya tundu, umbali wa kiganja, ukuta umebaki mwembamba kama karatasi ya bati. Moto wa kuchomelea ukipita hapo, ama unatoboa zaidi mbele ya macho yako, ama unaacha kovu gumu lililozungukwa na chuma dhaifu, na mtikisiko wa injini unamalizia kazi.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Nilikuwa kijana, nina haraka ya kuonekana fundi, nikachomelea bomba la Isuzu moja lililokuwa limeoza, nikalipaka rangi, nikalipwa. Gari lilirudi siku ya nne likivutwa. Tundu langu lilikuwa limeziba vizuri kabisa, na jirani yake palikuwa na ufa wenye urefu wa punje ya mchele. Mwenye gari alinitazama bila kusema neno, na ule ukimya wake niliukumbuka kwa muda mrefu kuliko matusi.

Kuhusu gundi za chuma, kamba za mpira wa baiskeli, na vipande vya mpira wa maji vilivyobanwa kwa klampu mbili, sina sababu ya kusema mengi. Kwenye njia ya kurudishia oili, kipande cha mpira mpya unaohimili oili na klampu nzuri ni matengenezo halali, na nimeyafanya mara nyingi. Kwenye njia ya presha, mpira wa klampu utachomoka mara ya kwanza dereva atakapokata kona.

Wapo watakaosema kwamba oili ikimwagika, basi, usukani unakuwa mzito tu. Ni kweli kwamba kwenye malori yetu ya barabarani usukani haukatiki kabisa, kwa sababu fimbo ya usukani, boksi, na vyuma vya magurudumu bado vimeshikana. Uzito huo hata hivyo hauji taratibu bomba linapopasuka. Fikiria dereva anayeshuka Kitonga akiwa na tani zake, mkono mmoja kwenye gia, amezoea usukani unaokwenda kwa kidole, na ghafla, katikati ya kona, usukani unakataa. Mtu mwenye nguvu ataushinda, lakini atachelewa, na mlima ule hauna nafasi ya kuchelewa.

Halafu kuna moto. Oili hii ikipulizwa kwenye tundu dogo haidondoki, inakuwa mvuke mwepesi kama wa dawa ya mbu. Huanza kushika moto kwa joto la nyuzi 200 hivi, na ekzosi ya injini ya dizeli inayopandisha mlima na mzigo huvuka joto hilo kwa mbali. Kwenye magari mengi bomba la presha hupita karibu na ekzosi. Sihitaji kueleza zaidi.

Na kuna jambo ambalo nawaomba vijana mlisikie kwa masikio yote mawili. Usitafute kamwe tundu la presha kwa kupitisha mkono kwenye bomba wakati injini inanguruma. Oili inayotoka kwenye tundu jembamba kwa presha ya kilo mia moja huweza kupenya ngozi kama sindano ya hospitali. Alama yake ni nukta ndogo isiyotoa hata damu, mtu anacheka, anajipangusa, anaendelea na kazi, na kufika usiku kidole kimevimba na nyama ya ndani imeanza kufa. Tumia kipande cha katoni kilichoshikwa kwa mbali: kikilowa mstari mwekundu, umelipata tundu. Ikitokea umepigwa na oili hiyo, nenda hospitali saa ile ile, na umwambie daktari kwa maneno wazi kwamba ni oili ya presha imeingia ndani ya mwili, kwa sababu akitazama ngozi tu anaweza kudhani ni mchubuko.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Ukipata bomba jipya la kampuni iliyotengeneza gari, lenye mikunjo yake na nati zake, nunua hilo na umshukuru Mungu. Kwa lori la miaka ishirini na zaidi mara nyingi hutalipata, au utaambiwa bei inayomfanya tajiri akae chini. Wanaouza mabomba yaliyokwisha tumika watakuletea la gari lingine lililokatwakatwa, nawe unaweza kulinunua, ila ujue kwamba linaweza kuwa limeishi maisha yale yale ya chumvi. Likwangue kwa brashi ya waya chini ya kila alama ya klipu kabla hujatoa pesa.

Njia ninayoipendelea ni kupeleka bomba la zamani kwa wanaotengeneza mipira ya haidroliki, wale wanaohudumia matrekta na makatapila, wakutengenezee mpira mpya kwa kipimo. Sharti uwe mpira wa presha wenye nyavu za waya wa chuma. Ule unaoandikwa 2SN ubavuni una nyavu mbili, na kwa ukubwa wa nusu inchi umekusudiwa kufanya kazi hadi kilo 275 hivi. Wa wavu mmoja, 1SN, kwa ukubwa huo huo huishia karibu 160, na hapo kwa lori kubwa unakuwa umekaribia mpaka. Ncha zake zibanwe kwa mashine, kamwe zisigongwe kwa nyundo. Kumbuka pia kwamba mpira wa kawaida wa aina hii umepimiwa joto la nyuzi 100, kwa hiyo usiupitishe kando ya ekzosi ukategemea huruma yake. Hapo acha bomba la chuma lipite, nalo liwe jipya.

Tatizo hubaki kwenye ncha, kwa sababu ncha ya gari la Kijapani haifanani na ncha ya trekta la Ulaya. Nati zinaweza kuonekana sawa kwa macho, zikaingia mizunguko miwili, kisha zikakwama kwa sababu meno yana hesabu tofauti. Ukilazimisha, umeharibu pampu. Pima meno kwa kipimo chake. Kuna mafundi wanaokata ncha ya zamani na kuiunganisha kwa gesi na shaba ya njano kwenye ncha mpya, nje ya gari, ikiwa kavu na safi. Kazi hiyo naikubali kwa fundi anayeijua na kwa ncha ambayo chuma chake bado ni kizima, na mradi ijaribiwe kwa presha kwenye benchi kabla haijarudi kwenye gari. Ncha iliyoliwa sina la kuiambia.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu bomba la shaba, lile la friji, kwa sababu linakunjika kwa mkono na linapatikana kila mtaa. Halishiki kutu kama chuma, ni kweli. Lakini shaba ikitikiswa kwa muda mrefu huwa ngumu na kupasuka, na stelingi ni mahali pa mtikisiko mchana kutwa. Kwenye njia ya presha sitaliweka.

Kulitoa bomba la zamani ndiko kunakopima subira ya fundi. Inua mhimili wa mbele, ukalishe gari juu ya stendi za chuma au magogo mazito, usiliache juu ya jeki peke yake. Osha eneo lote, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye boksi utaanza kazi nyingine ya gharama. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati, uende ukanywe chai, urudi unyunyize tena. Ukiweza, uache hadi kesho. Spana ya mdomo itakula pembe za nati hiyo kwa jaribio moja. Tumia spana ya pete iliyokatwa mwanya wa kupitisha bomba, na uanze kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza, maana ule mguso wa kwanza wa kukaza ndio unaovunja kutu. Ukisikia "tak" ndogo, kavu, tulia, hiyo ni habari njema. Ukiona bomba linazunguka pamoja na nati, acha kupigana nalo: kwa kuwa bomba lenyewe unalitupa, likate karibu na nati, uvae nati kwa boksi spana la pembe sita, na itatoka. Moto wa gesi nautumia mara ya mwisho kabisa, baada ya kutoa oili na kuondoa kila kinachoshika moto, na siutumii kabisa kwenye nati iliyoingia moja kwa moja kwenye pampu, kwa sababu nyuma yake kuna sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zitakazoungua.

Unapofunga, washa za shaba na oringi, zile pete za raba, ziwe mpya. Anza kila nati kwa vidole mizunguko kadhaa kabla hujashika spana. Mpira ulio kwenye presha hubadilika urefu, unaweza kujivuta na kufupika kidogo, kwa hiyo uache na ulegevu, usiunyooshe kama kamba ya kuanikia nguo. Mistari iliyochapwa ubavuni mwa mpira inyooke kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikijizungusha kama mkeka, umeukaza ukiwa umejipinda, na presha itautesa. Kwenye magari ya kabini inayoinuka, inua kabini na uishushe mara mbili ukitazama kama kuna chuma kinachougusa.

Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha tangi, ambayo kwa malori mengi ya Kijapani ni ATF nyekundu, yaani oili ya gia za otomatiki. Nimeletewa boksi ambalo mtu alijaza oili ya breki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Sili zilikuwa zimevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Jaza tangi, magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi au zaidi, huku tingo akitazama tangi na kuongeza oili kila inaposhuka. Kisha washa injini, iache kwenye mzunguko wa chini, rudia. Ukifika mwisho wa usukani usiushikilie hapo zaidi ya sekunde tano, kwani pampu inakuwa inasukuma oili isikokwenda, na joto linapanda haraka. Oili ikiwa na povu la waridi, na pampu ikilalamika, bado kuna upepo ndani. Zima, subiri povu litulie, uanze tena. Fundi mwenye haraka huliachia gari likiwa linalia na kumwambia dereva kwamba litazoea.

Mwisho kuna klipu, ambazo ndizo zilizotuleta hapa. Zisirudishwe zile zile. Piga bomba jipya rangi na juu yake grisi nzito mahali klipu itakapokaa, weka raba mpya, na kila baada ya safari ya chumvi tingo amwagie chini ya gari maji matamu, hasa upande wa boksi la stelingi. Baada ya wiki moja rudisha gari, fungua klipu moja, tazama. Dereva naye, asubuhi kabla ya kuwasha, ainame apitishe tochi chini ya boksi na atazame tangi. Oili ikishuka bila tone kuonekana ardhini, huenda inapotelea mahali pa moto.

Lile Fuso la chumvi lipo nje, limeegeshwa nyuma ya ukumbi likiwa na bomba jipya upande wa presha, na upande wa kurudishia nimeacha klipu mbili za zamani bila kuzifungua makusudi. Mwenye tochi aje nayo, mwenye brashi ya waya aje nayo, twende tukazifungue pamoja tuone chini yake pakoje.